Mwaka wa Kung'ata Kahawa

Wanawake wa msibani hawamwachi mgeni akae bila kujieleza. Mwaka jana nilipoteremka Lundo, kando ya Ziwa Nyasa, kwenye msiba wa Mzee Athumani, tabibu wa meno mstaafu, nilikaa mkekani na rozari yangu mkobani, Mkatoliki wa milimani peke yangu kati ya ndugu zake waliotoka Tanga na majirani zake wa ziwani. Hazikupita dakika kumi, dada yake akaniuliza, kwa adabu lakini bila kuzunguka, "Samahani mama, wewe na marehemu mlijuana vipi?" Nikaona maneno yatakuwa mengi. Nikafungua kinywa, nikavuta shavu la kushoto kwa kidole, nikawaonyesha pengo. Wakainama kutazama, wanne kwa pamoja. "Hapo ndipo tulipojuana," nikasema. Yule dada alicheka mpaka akajifunika khanga usoni, kisha kicheko kikageuka kilio, na mimi nikalia naye. Tangu siku hiyo mwaka ule umekuwa ukinirudia, nikiwa shambani, nikiwa kanisani, hata nikiwa napepeta mchele. Nimeona niuandike ningali na akili zangu.

Ulikuwa mwaka ambao wanunuzi binafsi waliruhusiwa kuingia vijijini kununua kahawa. Sisi tulikuwa tumezoea ushirika peke yake: unapeleka kahawa, unapewa karatasi, unasubiri mpaka unasahau unachosubiri. Mara magari yakaanza kupanda Mapera, milimani kwetu, yakiwa na mizani mipya na makarani wenye maneno matamu. Kampuni moja ilikodi ghala la mawe si mbali na parokia, ikamweka Bwana Hyera awe msimamizi, mtu mpole aliyevaa tai hata kwenye vumbi, na Bwana Hyera akaniajiri mimi, Skolastika, msichana wa miaka ishirini na mitatu, kwa sababu ya meno yangu. Sitanii. Kahawa ikishamenywa na kuoshwa huanikwa kwenye vichanja, na isipokauka sawasawa huota ukungu ghalani. Wapo wakulima waliojua kwamba maji nayo yana uzito, wakaiwahisha mizanini kabla jua halijamaliza kazi yake. Kampuni iliahidi mashine ya kupima unyevu. Mashine hiyo ilikuwa njiani mwaka mzima. Basi tukapima kama wazee wetu walivyopima: unatoa punje, unabandua ganda kwa ukucha, unaiweka kwenye gego, unang'ata. Jino likizama, kahawa ina maji, irudi kichanjani. Punje ikigoma, halafu ikapasuka kwa mlio mkavu, mpokee mtu huyo na umpe karatasi yake. Kila gunia nilichukua punje za juu, za katikati na za chini, na siku za msimu magunia yalipangwa toka mlangoni hadi barabarani.

Nilikuwa na majivuno, nikiri mapema. Wanaume waliofika na ubishi waliondoka kimya. Mzee mmoja wa Mbuji aliwahi kusema mbele ya foleni nzima, "Ukimpita Skola umepita, hata Mungu hang'ati mara mbili," na mimi nikajifanya sikusikia ili aseme tena. Kazi yenyewe ilikuwa na baridi ya Julai, ukungu ukiingia ghalani hadi saa nne, harufu ya magunia ya katani, na vidole vilivyokauka. Saa saba tulikula maharage na ugali yaliyoletwa kwenye sufuria na Mama Benadeta, mwenye nyumba wangu, mwenyekiti wa akina mama wa parokia. Kwake nilikuwa na chumba chenye kitanda cha kamba na dirisha la mbao, na jioni nilikula jikoni pamoja naye, sinia moja, tukimega tonge na kuchovya kwenye mboga ya majani ya maboga iliyoungwa karanga. Alikuwa mjane, msemaji, mkali wa usafi, na alinipenda. Nasema hivyo kabla sijasema yanayofuata.

Kidonda kilianza ubavuni mwa ulimi, upande wa kushoto, kidogo kuliko punje ya mtama. Nikadhani nimejing'ata. Nikasukutua kwa maji ya chumvi nikasahau. Jumapili ya kwanza kilikuwepo, ya pili kilikuwepo, ya tatu kilikuwa kimepanuka na kingo zake zimekuwa ngumu, na nikila kitu cha moto machozi yalinitoka bila ruhusa. Mama Benadeta akanipa mzizi wa kutafuna, mchungu kupita kwinini. Zahanati wakanipa vidonge vya vitamini na kunipaka ile dawa ya bluu, nikawa napokea kahawa na mdomo wa rangi ya wino, na wakulima wakaniuliza kama kampuni imeanza kunilisha kalamu. Nilicheka nao. Nilihamishia kung'ata upande wa kulia na kazi ikaendelea. Nilieleza habari za kidonda kwa kila mtu aliyeuliza, nikatoa ulimi kwa kila aliyetaka kuuona, lakini hakuna aliyeniuliza kuhusu kahawa na mimi sikuitaja. Kwetu kila mtu huing'ata. Nani anamweleza mganga kwamba huwa anapumua?

Wiki ya tano nikaacha kucheka. Wakati ule vilijulikana vitu viwili vinavyoleta kidonda kisichopona, na vyote viwili mwisho wake ulikuwa jeneza. Kimoja kilikuwa kansa, ambayo nilishaiona ikimla shangazi yangu taya. Kingine kilikuwa ule ugonjwa ambao hatukuutaja jina, tulisema tu "umeme" au "ugonjwa wa siku hizi." Na mimi nilikuwa nimependana na dereva wa lori la kampuni, kijana mzuri wa Songea, miezi minne hivi, kabla hajahamishiwa njia nyingine na kunyamaza. Kwa hiyo niliogopa mara mbili. Nilisali kwa bidii ya mtu anayedaiwa. Nilipima mikono yangu kama imekonda. Nilikuwa na hofu, hofu tupu, na sikuwa na wa kumwambia, kwa sababu kumwambia mtu kungekuwa kukiri.

Jioni moja nilikuwa chumbani navua viatu. Ukuta kati ya chumba changu na jiko ulikuwa wa miti na udongo, na udongo ulikuwa umebanduka pembeni. Mama Benadeta alikuwa na jirani yake wanachambua maharage, nikisikia yakidondoka kwenye ungo.

"Huyo binti wa kampuni ulimi haujapona tu?" jirani akauliza.

"Wiki ya sita hii."

"Si alikuwa na yule dereva?"

"Wote tunajua alikuwa na yule dereva."

Maharage yakadondoka kidogo. Halafu jirani akasema, "Wale wa mjini walianza hivyo hivyo, mdomoni. Wewe muombee tu, mama. Na vyombo uangalie."

Nikamsikia Mama Benadeta akiinuka kuchochea moto. Chakula kilipoiva nilikuta sinia lake upande wake, na upande wangu sahani ya bati, peke yake. "Nimekupoozea," akasema bila kunitazama, "usije ukaungua." Nikala. Sahani nikaiosha mwenyewe, nikaiweka mbali na vyombo vyake. Hata leo, nikiwa na wajukuu wanaogombea nyama kwenye sinia, huwa nawaacha wagombane, kwa maana najua kukaa na sahani yako peke yako kulivyo.

Aliyenitoa pale alikuwa muuza samaki. Mama Anjela alipanda kutoka Lundo kila baada ya wiki mbili na magunia ya usipa, wale dagaa wetu wa Ziwa Nyasa, na alizoea kunibakizia kiasi. Siku hiyo nilimwamkia, "Shikamoo mama," naye kabla ya kuitikia akanitazama mdomo.

"Marahaba mwanangu. Mbona usipa wangu huugusi?"

Nikamweleza. Akanisikiliza huku akifunga gunia. "Teremka na mimi kesho," akasema. "Kwetu yupo Bwana Meno."

"Mama, mimi naumwa ulimi. Meno yangu ni mazima, uliza kijiji kizima."

"Na huo ulimi unalala chumba kimoja na nani?"

Akamalizia fundo, akasema, "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Saa kumi na mbili asubuhi nipo kwenye lori." Nilimwomba Bwana Hyera ruhusa. Aliirekebisha tai yake, akasema niende, ataning'atia yeye.

Nilikuwa sijawahi kuliona ziwa kwa karibu, mtu mzima wa miaka ishirini na mitatu niliyezaliwa mwendo wa nusu siku kutoka hapo. Sisi wa milimani tuko hivyo. Lori liliteremka kona moja baada ya nyingine, baridi ikibaki nyuma yetu, nikivua sweta, kisha khanga ya pili, mpaka Mama Anjela akasema nikiendelea hivyo tutafika na aibu. Kituo cha afya kilikuwa jengo refu lenye veranda, na chumba cha meno kilikuwa nyuma kabisa: kiti cha chuma, jiko la mafuta ya taa lenye sufuria ya kuchemshia vyombo, na dirisha kubwa lililoelekea majini, kwa sababu tabibu hakuziamini taa. Yeye mwenyewe alikuwa mrefu, kofia ya kiua kichwani, mwenye sauti ya chini. Alikuwa ameletwa na serikali kutoka Tanga kwa miaka miwili, akaishia kukaa maisha yake yote.

"Karibu binti. Pole na safari. Kina muda gani?"

"Wiki ya saba, daktari."

"Umepaka nini?"

Nikataja orodha yangu. Hakunicheka wala kunigombeza. Alivaa glovu, akashika ncha ya ulimi wangu kwa kitambaa, akaugeuza kwenye mwanga, akapapasa kingo za kidonda taratibu, kisha akanipapasa chini ya taya na shingoni kutafuta tezi. Nje nilisikia wanawake wakifua.

"Unafanya kazi gani?" akauliza.

Katika wiki saba hakuna aliyeniuliza swali hilo. "Nanunua kahawa. Mapera."

"Unainunuaje?"

"Naing'ata." Akasimamisha mkono. Ikabidi nimwonyeshe: nikabandua punje ya hewani kwa ukucha, nikaiweka kwenye gego la kushoto, nikang'ata.

"Ngapi kwa siku?"

Nikafikiri. "Msimu huu? Sijui. Mia kadhaa."

Akavuta kioo cha mkononi na kijiko kidogo chenye kioo kingine, akaniwekea viwili hivyo mpaka nikaona nyuma kabisa ya kinywa changu, mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kupatazama. Gego langu la fahari lilikuwa limevunjika upande wa ndani. Palikuwa na ncha kali iliyosimama kama chupa iliyopasuka, na kila niliposema, kila nilipomeza, kila nilipolala, ulimi ulipita palepale. Nilikuwa nimepaka dawa kilichokatwa na kuacha kisu mahali pake. "Hapa ziwani," akasema, "wanaoshona nyavu hukata uzi wa nailoni kwa meno. Nimewaona wengi na vidonda kama hiki. Kahawa ndiyo mara yangu ya kwanza."

Nikataka kuruka kwa furaha. Akanyanyua kidole.

"Subiri. Sisemi ndicho. Nasema inawezekana ndicho. Jino halifai tena, nitaling'oa leo. Kidonda cha jino, jino likiondoka, hupona ndani ya siku kumi na nne. Siku ya kumi na nne nikikikuta, nakuandikia barua uende hospitali kubwa wakate kinyama wakipime, na damu nayo ipimwe. Utakwenda?"

"Nitakwenda."

"Usiseme ili kunifurahisha."

"Nitakwenda, daktari," nikasema, na safari hii nilikuwa na maana hiyo. Akaling'oa. Sitaeleza namna.

Siku kumi na nne nilikaa kwa Mama Anjela. Nyumba yake ilikuwa na vyumba viwili na uwanja wa mchanga uliofagiliwa kila asubuhi, na nyavu zilitundikwa ukutani ambako sisi tungetundika picha ya Bikira Maria. Nilikula ugali wa muhogo, ambao kwetu tunaudharau bila kuuonja, na mchuzi wa mbasa, samaki mnene asiyehitaji kutafunwa sana, na Mama Anjela alinitania kwamba Mmatengo wa milimani anakula samaki huku amekunja uso, akisubiri mwiba umpige. Tulikula sinia moja. Siku ya kwanza nilichelewesha mkono. Akaona. "Kula," akasema, "au wa kwetu wananuka?" Nilichovya palepale alipochovya yeye, na nikashukuru moyoni kuliko nilivyowahi kushukuru kwa misa yoyote. Mchana nilimsaidia kushona nyavu na nikamfundisha kukata uzi kwa wembe badala ya meno. Alikuwa anausahau, naupiga mkono wake kila unapoelekea mdomoni, naye anasema mgeni amekuwa mama mkwe.

Tabibu alinikataza kukichungulia kila saa. Nilikichungulia kila saa. Siku ya tatu hakikubadilika. Siku ya tano nilikiona kimekuwa kikubwa, nikakaa ufukweni asubuhi nzima nikijipangia nani abaki na sweta langu. Mama Anjela alikuja akakaa pembeni yangu, akaniwekea wavu mapajani. Siku ya tisa niliamka, nikanywa uji wa moto, nikaweka kikombe chini, nikainuka kwenda kuchota maji, na nilipofika katikati ya uwanja nikasimama. Uji ulikuwa wa moto. Nilikuwa nimeunywa wote na sikuwa nimesikia chochote. Nikarudi ndani nikamwomba pilipili. Akanipa, nikaitafuna mbichi, machozi yakanitoka kwa ukali wake, ukali wa pilipili tu, na Mama Anjela akapiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza nani kajifungua.

Siku ya kumi na nne tabibu aliugeuza ulimi wangu dirishani, akapapasa. "Kimekwenda," akasema. Nikamwomba atazame tena. Akatazama tena. Nikamwomba atazame upande wa pili, akacheka kwa mara ya kwanza, akasema upande wa pili haukuwahi kuwa na kitu. Hata hivyo nilimwomba anipime damu, kwa sababu yule dereva alikuwepo kweli na kupona ulimi hakukumfuta. Sampuli ilipelekwa mbali, na majibu yalikuja baadaye kwa barua, mema. Lakini siku ile sikuyasubiri ili nifurahi. "Sasa kahawa utaipimaje?" akaniuliza mlangoni. Nikasema sijui. "Ikate kwa kisu," akasema. "Kisu hakina ulimi wa kuumia."

Nilirudi Mapera siku ya mnada, foleni ikiwa imefika barabarani na Bwana Hyera akishika shavu lake kwa uchungu. Sikwenda hata nyumbani kuweka mzigo. Nilipanda juu ya mizani, watu wote wanione, nikatoa ulimi. Nikaugeuza kushoto, nikaugeuza kulia. "Tazameni vizuri," nikasema, "maana mmeusema sana. Lilikuwa jino. Lilivunjwa na kahawa zenu." Wengine wakacheka, wengine wakatazama chini, na yule mzee wa Mbuji akaomba ruhusa ya kusogea aone karibu, akasogea, akathibitisha. Kisha nikachukua kisu na kibao, nikakata punje ya kwanza. Wakanung'unika kwamba hii si namna ya kupima. Nikawaambia asiyetaka kisu alete jino lake mwenyewe. Kufikia adhuhuri wenyewe walikuwa wanabishana nani mwenye kisu kikali zaidi.

Mama Benadeta alikuwa kwenye foleni na gunia lake. Nilimpokea kama wengine. Punje zake zilipasuka vizuri, nikampa karatasi, nikamwamkia, akaitikia marahaba na hakuondoka. Alikaa kwenye benchi mpaka mtu wa mwisho akatoka na Bwana Hyera akaenda kufungua redio yake. Hapo akainuka, akafunga mlango wa ghala nusu, akaja mpaka kwenye dirisha lenye mwanga. Nilikuwa nimeandaa maneno makali siku kumi na nne. Nilikuwa nayo mdomoni.

"Skola," akasema, "nitazamie."

Akakunja mdomo wa chini kwa vidole viwili. Ndani, kwenye fizi na shavu, palikuwa na bamba jeupe, gumu, lenye kidonda katikati. Harufu ya ugoro ikanijia. Mwenyekiti wa akina mama wa parokia, mkali wa usafi, alikuwa akiuweka ugoro pale tangu alipofiwa na mumewe, na hakuna padri wala mtoto aliyejua.

"Kina muda gani?" nikamuuliza.

"Toka Krismasi." Akauachia mdomo. "Nilipokuona na chako nikasema, Mungu ananionyesha changu kitakavyokuwa. Nilikutengea sahani kwa woga, mwanangu. Nilikuwa naogopa kukutazama."

Maneno yangu makali yakapotea, sikuyatafuta. Nikamshika mkono. Nikamwambia anayoyajua tabibu: kwamba pengine ni jambo dogo na pengine si dogo, kwamba wanaweza kukata kinyama kule hospitali kubwa, na kwamba anayekwenda mapema hukuta mlango ungali wazi. Ndivyo ilivyokuwa. Walikata, wakakuta kimeanza kugeuka kansa lakini hakijafika popote, na Mama Benadeta aliishi kunipokelea mahari, kusimamia ubatizo wa wanangu watatu na kunigombeza juu ya usafi wao. Lakini hayo hatukuyajua siku ile. Siku ile aliniuliza swali moja tu, kama huyo tabibu Mwislamu angewaambia watu wa parokia kuhusu ugoro. Nikamwambia hata akitaka, njia ya kufika parokiani haijui.

Asubuhi iliyofuata tulisimama barabarani kwenye ukungu, yeye amevaa kitenge chake cha Pasaka. Lori la samaki lilisimama. Nikampandisha mbele, nikambana kati yangu na mlango. Dereva akamwamkia, akamwambia asiogope, kule chini kona ni nyingi ila atakwenda taratibu.

"Nenda taratibu kwenye kona," Mama Benadeta akamjibu. "Kwingine kote, kimbiza."